Kadi ya Dabare

Neno lilimkuta Apua kwenye kibanda cha Ado, mkono wake ukiwa juu ya nyanya. Ado aliuza mboga karibu na msikiti pale mtaa wa Wabera, Isiolo, na aliyenunua kwake alirudi nyumbani na mboga pamoja na habari, hata kama habari hakuiomba.

"Mama Joy, hongera," Ado alisema huku akikatakata sukuma wiki. "Nasikia Mama Fosia amepata binti wa pili."

"Sabdio? Sabdio ni mjane mwaka wa nane huu. Binti amtoe wapi?"

"Kwako. Jana alikuwa pale kwa akina mama wa maziwa ya ngamia, akasema Joy sasa ni wake. Anakula kwake, anafanya kazi kwake, na ile kompyuta ya mama yake imebaki ya kuandikia barua za chifu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka."

"Ulifanya nini?"

"Nilitabasamu tu."

Apua alilipa akaenda, vitunguu akavisahau mezani. Njiani alijiambia kwamba maneno ya kibandani ni upepo. Lakini neno lile lilikuwa limemchoma kama mwiba wa mgunga: ukiuvuta unakatika, na ncha inabaki ndani ya nyama ikitembea. Alipika nalo, akafua nalo, Jumapili akaenda nalo kanisani, na alipotoka kanisani lilikuwa limenenepa.

Joy alikuwa mtoto wake wa pekee, miaka ishirini na tatu. Baba yake, Lokuruka, alikuwa askari wa wanyamapori kule Leparua na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hivyo nyumba ilikuwa ya mama na binti, na sauti zao mbili zilitosha kuijaza. Sabdio na binti yake Fosia walikaa upande wa pili wa ua wa mabati. Akina mama hao wawili walikuwa majirani tangu wasichana wakiwa mgongoni. Sabdio alikuwa Mborana, Apua Mturkana, na miaka yote hiyo moto ukizimika kwa mmoja, kaa lilitoka kwa mwingine.

Tangu serikali ya kaunti ije, harusi za Isiolo zilibadilika. Zamani picha tano za kuweka kwenye albamu zilitosha. Sasa kila anayeoza binti alitaka video yenye muziki, na majina ya maharusi yakielea juu ya mgongo wa ngamia. Joy na Fosia walisomea kazi hiyo pamoja. Kamera walikuwa na moja, wakishirikiana, lakini kompyuta kila mmoja alikuwa na yake. Ya Fosia ilikuwa na kadi ya grafiksi. Hicho ni kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta, kazi yake ni kubeba mzigo wa picha. Ya Joy haikuwa nacho. Ilikuwa mashine kuukuu ya ofisi, ile ya sanduku jembamba, ambayo Lokuruka aliinunua siku ofisi yao ilipouza vitu vya zamani. Barua iliandika vizuri. Video ilipofika wakati wa kurenda, yaani kupikwa vile vipande vyote viwe kitu kimoja, mashine ilivuta pumzi kama ng'ombe wa kiangazi na kuchukua siku nzima. Mara nyingine ilikwama katikati, bibi harusi mdomo wazi.

Ndiyo sababu Joy alianza kupitia kwenye kijilango cha ua kwenda kwa Fosia. Mara ya kwanza ilikuwa saa moja. Kisha ikawa asubuhi nzima. Kisha akawa anatoka na chai hajamaliza.

Wivu una macho mengi, na Apua aliyatumia yote. Aliona kandambili za Joy mlangoni kwa Sabdio, zimepangwa sambamba na za Fosia kama za watu wa nyumba moja. Alinusa ubani kwenye leso ya mtoto wake. Alisikia kicheko upande ule wa mabati, akasimama na sufuria mkononi akijaribu kujua wanacheka nini, na kicheko kilipoisha bila yeye kujua, akahisi kana kwamba amepokonywa kitu. Siku moja Joy alionja chai ya nyumbani akasema, "Mama, tia hiliki kidogo. Ya Mama Fosia huwa na hiliki, wallahi."

"Wallahi?"

"Imenitoka tu, Mama."

"Na mimi naona inakutoka sana."

Tangu siku hiyo Apua alijua anachotaka. Alitaka Joy afanye kazi kwake, mbele ya macho yake, na chakula cha mchana akile kwake. Kama kilichomtoa ni kadi, basi kadi ndiyo ingemrudisha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo makosa yalipoanza, na hakuna aliyemsukuma.

Jumatatu moja Joy akiwa sokoni, Fosia alipita kwenye kijilango akiwa ameshika kitu kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Alimwamkia Apua, akakaa kwenye kigoda kama alivyofanya tangu utoto.

"Mama, hii ni kadi yangu ya zamani. Nilipata nyingine, hii imekaa tu. Ni ndogo lakini inafaa mashine ya Joy. Mama yangu amesema niwaambie ni dabare."

Apua alijua dabare ni nini, nani asiyejua Isiolo hii. Mborana mwenye ng'ombe wengi humpa rafiki yake mmoja wao, amchunge na kumkamua. Maziwa ni ya anayekamua. Lakini ng'ombe anabaki na jina la mwenyewe, na ndama akizaliwa ni wa mwenyewe vilevile. Ni heshima kubwa. Watu hawapewi dabare ovyo.

"Asante, mwanangu," Apua alisema. "Mwambie mama nimeshukuru."

Fosia alipoondoka, Apua alikifungua kile kifurushi. Kadi yenyewe ilikuwa nyembamba, haizidi kiganja, na feni moja ndogo kama ya kuchezea. Aliiangalia huku ule mwiba ukitembea ndani yake. Akawaza: ng'ombe wa dabare hubaki wa mwenyewe na ndama wake. Joy akifanya kazi kwa kadi ya dabare, kila harusi itakayotoka hapa itakuwa ndama wa Sabdio. Na Joy mwenyewe atakuwa wa dabare, mimi nikiwa mchungaji tu.

Akaifunga tena, akaitia ndani ya sufuria kubwa ya sikukuu, akafunika, na sufuria akaisukuma chini ya kitanda. Joy aliporudi hakuambiwa kitu.

Kesho yake Apua aliuza mbuzi wawili, akaenda mjini kwenye duka la Dida. Dida aliuza simu, chaja, na vipande vya kompyuta vilivyotumika kutoka Nairobi. Alikuwa mtu wa maswali mengi, na hiyo ni sifa nzuri kwa mwenye duka, ingawa siku hiyo Apua aliiona kama kisirani.

"Salaam, mama. Nikusaidie?"

"Nataka kadi ya grafiksi."

"Ya mashine gani?"

"Kompyuta ya mezani."

"Sanduku lake ni nene ama jembamba?"

Apua alihisi swali hilo kama mtu anayemuuliza kama nyumba yake ni ya mawe au ya mabati. "Ni kubwa tu," alisema.

"Pawa saplai yake ni ya wati ngapi? Hiyo ndiyo inalisha mashine nzima. Imeandikwa ubavuni, kwa karatasi. Na kuna waya wa ziada wa kulisha kadi?"

"Waya ni nyingi. Zimejaa."

Dida alimwangalia. "Mama, leta mashine. Ni mwendo wa boda dakika tano. Tuifungue hapa, tupime, uende na kitu unajua kitafanya kazi."

Apua aliona picha yake mwenyewe akipita mbele ya mlango wa Sabdio na ile mashine mapajani, juu ya boda, wale wa maziwa wakimwangalia. "Haiwezi kutoka," alisema. "Ni nzito."

"Nzito kuliko wewe?"

"Nionyeshe kadi, Dida. Nilikuja kununua, sikuja kuandikwa kazi."

Dida alipanga kadi nne juu ya meza. Apua alikuwa binti wa mfugaji, na mkono wake ulikwenda wenyewe. Aliinua moja, akapima uzito wake kama mtu anayeinua paja la kondoo. Akaiweka. Akainua nyingine. Aligeuza, akatazama mgongo, akagusa feni kwa kidole aone kama inazunguka.

"Mama, kadi si mbuzi," Dida alisema taratibu.

"Umemuuzia Fosia wa Sabdio kadi?"

"Ndiyo, juzi juzi."

"Ina feni ngapi?"

"Moja."

"Basi mimi nipe ya feni mbili."

Hiyo ya feni mbili ilikuwa ndefu kama mkono hadi kiwiko, nzito, na ubavuni ilikuwa na tundu la kuchomeka waya wake wa kipekee. Dida alimwambia mara mbili kwamba mnyama huyu anakula sana. Akampa na waya mfupi wa kuunganisha, kama pawa saplai itakosa ule wa ziada, lakini akasema, "Huu ni wa kubahatisha, mama. Pima wati kwanza. Ikikataa, irudishe kwa wiki moja bila kuiharibu." Apua alisema amesikia. Masikio yalisikia kweli.

Joy alipoiona kadi alishika mdomo.

"Mama. Hii umetoa wapi?"

"Nimenunua. Sasa utafanya kazi nyumbani kwenu."

"Lakini hii ni kubwa kuliko mashine. Huyu Dida ameona mashine yetu?"

"Ameona," Apua alisema.

Uongo ule ulikuwa mdogo kama mbegu ya mtama, na Joy aliuamini, maana mama yake hakuwa na mazoea ya kumdanganya.

Kadi haikuingia. Sanduku lilikuwa jembamba, kadi ikasimama na kichwa nje kama ngamia aliyepakiwa ndani ya gari dogo la Probox. Joy alisema waachane nayo. Apua hakukubali. Aliita Dabaso, fundi wa mageti wa pale kona, akaja na msumeno wake wa chuma.

"Mama Joy, nimekata mageti, nimekata hata tanki la maji," Dabaso alisema akikuna kidevu. "Kompyuta ni mara ya kwanza. Ikilia?"

"Kata."

Joy alitoa kwanza vitu vyote vya ndani, Dabaso akakata bati la juu, na kadi ikapata pa kupitisha kichwa. Pawa saplai haikuwa na waya wa kulisha kadi, kwa hivyo Joy alitumia ule mfupi wa Dida, akaunganisha kwenye waya wa diski. Wakawasha. Feni zote mbili zilizunguka, lakini skrini ilibaki nyeusi.

Apua alikaa kitandani. Joy akainama nyuma ya meza, akatazama, kisha akacheka. "Waya wa skrini bado uko kwenye tundu la zamani. Picha sasa inatokea kwenye kadi." Akauhamisha, na skrini ikawaka.

Usiku huo Apua alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi. Kwa wiki nzima Joy alifanya kazi nyumbani. Alikata vipande vya harusi, akavipanga, na mashine ilikimbia. Saa saba mchana alikula ugali wa mama yake, na chai ilikuwa na hiliki. Apua alisimama karibu na ua wa mabati akasema kwa sauti iliyozidi kidogo, "Joy, chakula ni tayari, usiache kipoe," ili asikie aliyepaswa kusikia.

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti wa Chachu, mwenye duka la mbao na misumari. Chachu alikuwa amemwambia Joy wazi: wazee wa upande wa bwana harusi watatoka Gotu Jumamosi waje kuitazama video nyumbani kwake. Ikiwa tayari na nzuri, Joy atapata harusi zote za ukoo wao. Ikikosa kuwa tayari, atampa Fosia kazi hizo zilizobaki. Apua alisikia neno Fosia tu.

Alhamisi asubuhi Joy alimaliza kukata, akabonyeza mashine ianze kurenda. Baada ya dakika nne ikazima. Haikutoa onyo wala moshi. Ilikata tu, kama mtu aliyezirai.

Joy aliiwasha, ikaamka vizuri. Alifungua picha, ikafungua. Alibonyeza kurenda, dakika nne, ikazima tena.

Alifanya yote anayoyajua. Alipangusa vumbi kwa brashi, maana sanduku sasa lilikuwa wazi na vumbi la Isiolo halibishi hodi. Alichomoa kadi akaichomeka upya hadi ikasema tik. Alifuta draiva, yaani ile programu inayoifundisha kompyuta kuzungumza na kadi, akaweka nyingine. Alihamisha waya wa umeme kwenye soketi nyingine. Kila mara ilikuwa hivyohivyo: kazi nyepesi inakubali, ikitwishwa mzigo inaanguka.

"Hapa kuna jicho," Apua alisema.

"Jicho la nani, Mama?"

"La mtu anayetuonea wivu. Kuna watu hawapendi ufanye kazi nyumbani kwenu."

Joy aliweka brashi chini. "Ngoja nimwite Fosia aone. Yeye anajua hizi kadi."

"Usimwite."

"Mama, ni Alhamisi."

"Nimesema usimwite. Mashine ni yetu, shida ni yetu."

Joy alivaa viatu akaenda kwa Chachu kuomba kama wazee wangesubiri hadi Jumatatu. Apua alibaki na mashine. Alimpigia Lokuruka simu, naye akamsalimia kwa Kiturkana.

"Ejok, mama Joy."

"Ejok. Ile kompyuta yako inazima. Nimeinunulia kadi kubwa, ya feni mbili, lakini ikianza kazi inazima."

Upande wa pili kulikuwa na upepo. "Uliuza mbuzi?"

"Wawili."

"Apua, unamkumbuka yule mjomba wako aliyeleta dume la ng'ombe wa maziwa kutoka Meru?"

"Lile kubwa."

"Lilikuwa kubwa kweli. Lilikaa miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Likafa na nini?"

Dume lile halikuwa na ugonjwa. Lilikufa kwa sababu mwili ule ulitaka nyasi za Meru, na hapa kuna nyasi za hapa. Kila mtoto alijua hilo, na yeye alikuwa amelia siku lilipokufa.

"Sasa usiiguse," Lokuruka alisema. "Ngoja mtu anayejua."

Lakini mwenye wivu hawezi kungoja. Moyoni akamwona Joy akirudi na jibu la kukataliwa, akaona kijilango kikifunguka, akaona kandambili zikipangwa kule. Akabonyeza kitufe. Mashine ikawaka. Alikuwa amemwona Joy mara nyingi, akajua pa kubonyeza ianze kurenda. Ikazima. Akawasha tena. Ikazima. Akawasha tena, na tena, kama mtu anayempiga punda aliyelala chini ya mzigo. Mara ya sita kulisikika mlio kama wa mahindi kikaangoni. Harufu ya plastiki ikapanda, na uzi wa moshi ukatoka pale Dabaso alipokata bati. Ule waya mfupi wa Dida ulikuwa umeyeyuka hadi kwenye kadi.

Joy alirudi akaikuta nyumba ina harufu hiyo. Alichomoa waya wa umeme, akasimama. Hakupiga kelele, na Apua alitamani angepiga.

"Chachu amekataa," alisema. "Ni Jumamosi tu." Kisha akapita kwenye kijilango, na mama yake hakumzuia.

Fosia alikuja na bisibisi na tochi. Akalaza mashine ubavu, akasoma karatasi ya pawa saplai.

"Wati mia mbili na arobaini. Hii kadi peke yake inataka zaidi ya nusu ya hiyo, na bado mashine nyingine yote haijala. Kazi nyepesi haiombi sana, ndiyo maana ilikuwa inawaka. Ukiitwika mzigo inaomba yote, pawa saplai inajizima ijiokoe." Akanusa. "Mara ya mwisho haikuwahi. Pawa saplai imekwenda, kadi imekwenda, na bodi, hii sahani inayobeba vipande vyote, nayo naona imeungua hapa. Diski labda imepona."

"Video ya Chachu iko kwa diski," Joy alisema.

"Tutaijaribu kwangu." Fosia alianza kufungua skrubu. "Lakini Joy, kwa nini hamkutumia ile ndogo? Ile hunywa kutoka kwa bodi tu, haitaki waya, na inaingia kwa sanduku jembamba bila kukata kitu."

"Ndogo gani?"

Bisibisi ilisimama. Fosia alimwangalia Apua, kisha akaangalia chini haraka, lakini Joy alikuwa ameshaona. Apua aliinama, akavuta sufuria ya sikukuu kutoka chini ya kitanda, akafunua kifuniko.

Joy alikipokea kile kifurushi cha gazeti, akasoma tarehe ya gazeti. "Tangu wiki iliyopita," alisema. Alikirudisha ndani ya sufuria polepole kama kitu kinachoweza kuvunjika, akabeba diski, wakaondoka na Fosia.

Jioni kabla ya magharibi, Sabdio alibisha kwenye kijilango.

"Salaam aleikum, Mama Joy."

"Habari, Mama Fosia. Karibu."

Sabdio hakukaa. "Diski ni nzima. Wasichana wanaendelea. Ulikataa dabare yangu."

"Ng'ombe wa dabare hubaki wa mwenyewe. Hata ndama wake."

"Ndiyo. Na anayekamua ni nani?"

Apua alikunja leso yake, akaikunjua.

"Maziwa wanakunywa watoto wa anayekamua," Sabdio alisema. "Nilikupa ile kadi Joy akae kwako. Nyumba yangu ni chumba kimoja, Apua. Naamka alfajiri kupokea maziwa, mchana nataka kulala, na wale wawili wanacheka kama fisi. Mimi nilitaka wagawane nyumba."

"Na yale uliyosema kwa wauza maziwa? Kwamba Joy ni wako?"

"Niliyasema. Na ya barua za chifu niliyasema, tulikuwa tunataniana. Wewe umemwita Fosia binti yako miaka mingapi? Nilipougua, si alilala hapa mwezi mzima, ukasema hadharani hutamrudisha? Mimi sikuuza mbuzi."

Apua aliingia ndani, akarudi na ile kadi, akampa kwa mikono miwili kama inavyorudishwa dabare. "Hakuna mashine ya kuitia tena," alisema.

"Basi ngoja nikuwekee," Sabdio alisema, akaichukua.

Jumamosi wazee wa Gotu walikaa uani kwa Chachu, na video ikaonyeshwa ukutani kwenye shuka jeupe. Ilikuwa nzuri. Mwishoni yalitokea majina ya waliotengeneza, Fosia na Joy, na Chachu akasema kwamba kazi za ukoo wake sasa atawapa hao wote wawili, palepale kwa Mama Fosia, asisumbuke kutafuta milango miwili. Watu walipiga makofi. Apua naye alipiga. Alikuwa ametafuta njia ya kumtoa mtoto wake kwenye nyumba ile, na kwa mikono yake mwenyewe alikuwa amemfungia ndani yake.

Joy hakuhama. Bado analala kwa mama yake, na salamu yake ni ya heshima. Ila anaondoka kabla ya chai, chakula cha mchana anakula kule kwenye mashine, na akirudi haelezi tena kazi ilivyokwenda. Siku moja Apua alimuuliza kama watafute kompyuta nyingine wakipata nafasi.

"Tutaona, Mama," Joy alisema. "Siku hiyo utaniambia yote? Na yale usiyoyapenda?"

"Nitakuambia."

"Basi tutaona."

Mpaka leo bado wanaona. Na wewe mama unayesoma haya, kama mtoto wako anafanya kazi kwa kompyuta kuukuu, epuka haya:

Kununua kadi bila kubeba mashine hadi dukani, hata kama wenye maneno watakuona njiani.

Kuchagua kadi kwa uzito, urefu au wingi wa feni.

Kununua kabla ya kusoma wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai.

Kumjibu fundi uongo kwa sababu ya aibu.

Waya wa kubahatisha.

Kukata sanduku ili kitu kiingie. Kama hakiingii, si chake.

Kusahau kuhamisha waya wa skrini hadi kwenye kadi. Hili ni dogo, lakini linaliza watu.

Kuwasha tena na tena mashine inayojizima. Inapojizima inakuambia imeshindwa.

Kununua kitu ili kiwe kikubwa kuliko cha jirani.

Kulaumu jicho la mtu mwingine kabla ya kutazama lako.

Kuficha alichopewa mtoto wako.

Kukataa dabare.